Kwanini ndege za siku hizi zina injini mbili tu, na kwanini zimehama mkiani zikaja chini ya mabawa

Dada mmoja wa hapa Ngamiani ameniuliza swali, naliweka kwa kifupi. Bimkubwa wake anaenda Umra mwezi ujao, tiketi ishakatwa, ndege ni ya injini mbili. Babu yao yupo hai bado, na babu anasema alipopanda ndege ya East African kwenda Bombay mwaka 1969 ilikuwa na injini nne, zote kule nyuma mkiani, ndani kimya unasikia mtu anakohoa kiti cha mbele. Sasa babu kamwambia bimkubwa hizi za siku hizi wamepunguza injini ili wabane hela, ikizima moja juu ya bahari ndo basi tena. Bimkubwa halali. Dada anataka kujua babu ana ukweli kiasi gani, na kwanini injini zilitolewa mkiani.

Dadangu, mi nimekuwa fundi wa ndege miaka ishirini na kitu kabla sijarudi nyumbani Tanga, na hili jambo nalipenda mno kwahiyo ntakujibu kwa kirefu, msomee bimkubwa na babu naye awepo.

Kwanza babu hakukosea. Ile aliyopanda ni Super VC10, East African Airways walianza kuzipokea 1966, injini nne, mbili mbili kila upande wa mkia. Na kabla ya hapo, kuanzia 1960, shirika hilohilo lilikuwa na Comet 4, ile injini zake nne zilikuwa zimefichwa ndani kabisa ya mabawa pale yanapoungana na bodi, ukiitazama kwa mbali unadhani haina injini. Shirika likafa 1977, Air Tanzania ikaanza, tukaja kuwa na Boeing 737-200, injini mbili nyembamba ndefu kama sigara zimebanwa chini ya bawa. Leo Dreamliner yetu nayo ni mbili chini ya bawa ila kila moja ni pipa kubwa. Yaani mtu aliyekaa tu pale uwanja wa Dar miaka sitini akatazama ndege zinavyopita kashaona historia nzima ya mahali pa kuweka injini, ndani ya bawa, kisha mkiani, kisha chini ya bawa. Na nne zimekuwa mbili.

Tuanze na idadi maana ndo inayomnyima bimkubwa usingizi.

Watu wa bahari mtanielewa haraka. Niliwahi kutoka Pemba kuja Tanga na boti ya fiberi yenye mashine mbili, nikajiambia hapa niko salama, moja ikifa ipo nyingine. Katikati ya mkondo zikazima zote mbili, zimepishana dakika chache tu. Mafuta yalikuwa na maji. Tangi ni moja, mpira wa mafuta unatoka palepale, yaani hata angefunga mashine sita zingekufa zote sita. Tulielea mpaka boti nyingine ikaja kutuvuta. Siku ile nilielewa kwa mwili kitu nilichokuwa nakisoma kwenye vitabu, kwamba wingi wa injini unakusaidia pale tu ambapo kinachoua moja hakiwezi kuua na mwenzake.

Na kwenye ndege imetokea. Tarehe 5 Mei 1983 ndege ya Eastern Air Lines aina ya TriStar, injini tatu, ilitoka Miami kwenda Nassau na watu 172. Usiku ule mafundi walikuwa wamebadilisha vile vidude vya sumaku vinavyonasa vipande vya chuma kwenye oili, injini zote tatu, na zote tatu wakasahau zile oringi za kuzuia oili isivuje. Oili ikatoka ikaisha. Rubani akazima ya kwanza, akageuza arudi Miami, njiani mbili zilizobaki nazo zikafa, ndege ikawa inashuka haina hata moja. Wakafanikiwa kuiwasha tena ile ya kwanza waliyoizima, wakatua nayo salama. Injini tatu, kosa moja, mikono ileile. Mwaka mmoja kabla yake, Juni 1982, Boeing 747 ya British Airways iliingia kwenye majivu ya volkano ya Galunggung kule Indonesia, injini nne zote zikazima, wakaja kuziwasha walipotoka kwenye yale majivu. Nne hazikuwasaidia kitu kwasababu zilikuwa zinameza hewa moja.

Ndo maana leo ndege ya injini mbili inayovuka bahari ina masharti ambayo babu hayajui. Mfano fundi aliyefanya kazi fulani kwenye injini ya kushoto haruhusiwi kwenda kufanya kazi hiyohiyo kwenye ya kulia siku hiyo, anafanya mwingine, au ikishindikana kabisa kuna ukaguzi wa ziada kabla haijaruka. Mi mwenyewe nimewahi kusimama na spana mkononi namngoja mwenzangu amalize lake ndo amalizie la upande wa pili, abiria wako kwenye basi wananuna, na ni sawa wanune. Oili inapimwa kila safari. Kila injini ina pampu yake, umeme wake, njia yake ya mafuta. Kinachomlinda bimkubwa ni huko kutenganisha kuliko hesabu ya vyuma.

Sasa kuhusu hela. Babu ana ukweli hapo, siwezi kukuficha. Injini mbili kubwa zinakunywa mafuta kidogo kuliko nne ndogo zenye nguvu ileile, na injini ndo kitu cha ghali zaidi kukitunza kwenye ndege, ukiwa na nne una beringi mara nne, spea mara nne, ukaguzi mara nne. Mashirika yalitamani mbili siku nyingi. Ila kutamani hakukutosha, sheria iliwakatalia miaka zaidi ya thelathini. Mwaka 1953 Wamarekani waliweka sheria kwamba ndege ya injini mbili isiende mahali ambapo ikizima moja itahitaji zaidi ya dakika 60 kufika uwanja wa kutua. Zama zile injini zilikuwa za pistoni na zilikuwa zinakufa kweli, si mchezo. Kwahiyo ukitaka kuvuka bahari kubwa ulihitaji nne, halafu 1964 wakaziruhusu za injini tatu, na ndo unaona kwanini zikazaliwa ndege za ajabu kama DC-10 na TriStar zenye injini ya tatu imepandishwa kwenye mkia, ile injini ya tatu kwa kiasi kikubwa ilizaliwa na sheria.

Kisha injini za jeti zikawa zinakataa kufa. Miaka inapita, takwimu zinakusanywa, mwaka 1985 wakakubali dakika 120, na Boeing 767 ya TWA, shirika la Marekani, mwaka huohuo ikavuka Atlantiki kwa ruhusa mpya ya kupita zile dakika 60, 1988 ikawa dakika 180. Na ruhusa haitolewi bure. Ili upewe 180, aina hiyo ya injini lazima ioneshe kwamba kuzimika angani hakuzidi mara 2 kwa kila saa laki moja za kazi, yaani mara moja kwa saa 50,000. Ifikirie hivi, injini inayoruka saa 12 kila siku, Ijumaa na sikukuu haipumziki, itafanya kazi miaka kumi na moja ndo izimike mara moja, na hicho ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa, nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo. Dreamliner ya Air Tanzania imekuwa ikikatiza bahari kwenda Mumbai, Bombay ileile ya babu, na injini mbili.

Alafu kuna hesabu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Kila injini unayoongeza ni kitu kingine kinachoweza kuharibika. Ukiwa na nne, uwezekano wa kuzimikiwa na moja safarini ni mara mbili ya mwenye mbili. Na baadhi ya injini zikiharibika haziharibiki kwa adabu. Mwaka 1989 DC-10 ya United, ile injini ya mkiani ilipasuka feni yake, yaani lile pangaboi kubwa la mbele ya injini, vipande vikakata mabomba ya haidroliki ya mifumo yote mitatu, rubani akabaki na usukani usiogusa kitu, wakawa wanaiongoza kwa kuongeza na kupunguza moto wa injini mbili zilizobaki mpaka Sioux City. Walikuwemo watu 296, waliokufa 112. Ile injini ya ziada ndo iliyowafikisha pale.

Ikizima moja kati ya mbili inakuwaje? Hapa bimkubwa asikilize vizuri. Ndege ya injini mbili inatengenezwa ili hata kama moja itakufa wakati mbaya kuliko wote, yaani ipo kwenye lami inakimbia, imeshapita mwendo ambao hairuhusiwi tena kufunga breki, imejaa watu na mafuta, ile moja iliyobaki lazima iinyanyue na ipande angalau mita 2.4 kwa kila mita 100 za mbele baada ya magurudumu kuingia. Sasa fikiria, kama moja peke yake lazima imudu hayo, basi zikiwa mbili zote nzima ndege ina nguvu za kumwaga. Ya injini nne ikipoteza moja inapoteza robo tu, kwahiyo haikuhitaji kuwekewa ziada kubwa hivyo, na ndo maana zile za nne zilizojaa zilikuwa zinapaa kwa kujivuta mpaka unaziombea dua, wakati hizi za mbili zinachomoka. Angani ikizima moja inashuka taratibu mpaka kimo ambacho moja inakimudu na inaendelea mpaka uwanja wa karibu. Na zikizima zote haianguki kama nazi, inateleza. Agosti 2001 Airbus A330 ya Air Transat iliishiwa mafuta juu ya Atlantiki kwasababu ya bomba lililovuja, watu 306, ikateleza kama dakika 19 haina injini hata moja, kilomita mia na ishirini hivi, ikatua kisiwani Azores na wote walitoka hai.

Njia ya bimkubwa yenyewe Dar mpaka Jeddah kwa sehemu kubwa chini ni nchi kavu, kuna Nairobi, kuna Addis Ababa, bahari ni ile Bahari ya Shamu mwishoni tu. Na sisi watu wa Tanga si tunapanda zile Cessna Caravan zinazotua uwanja wetu, injini moja tu puani, tunavuka nayo kwenda visiwani na tunasinzia humo.

Haya, mahali pa kuziweka. Hapa ndo napapenda kuliko pote.

Walioweka ndani ya bawa, kina Comet, walitaka bawa safi lisilo na kitu kinachoning'inia kukwamisha hewa. Linapendeza kwa macho kweli. Lakini moto wa injini unakaa kandokando ya mhimili mkuu wa bawa na mafuta, kuifikia injini kuitengeneza ni adhabu, na injini mpya ikija nene zaidi huna pa kuiweka, itabidi uchonge bawa upya. Hilo la mwisho ndo lililowamaliza, kwasababu injini ziliendelea kunenepa na bado zinanenepa.

Walioweka mkiani walikuwa na sababu za maana na naomba babu asidhani alipanda ndege iliyokosewa. Caravelle ya Wafaransa ilitangulia kwenye miaka ya hamsini. VC10 ilitengenezwa mahsusi kwa viwanja kama vya kwetu, Nairobi ipo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, jua kali, hewa nyepesi, bawa linashika kidogo na injini inapumua kwa shida. Ukiziondoa injini kwenye bawa, bawa lote linabaki huru kufanya kazi ya kuinua tu, ndege inapaa mapema na inatua polepole. Injini ziko juu mbali na vumbi na kokoto. Zikiwa zimekaribiana katikati, moja ikifa ndege haivutwi sana upande, kama ukiwa na makasia mawili ya ngalawa karibu karibu na moja likakatika. Na kelele yote inabaki nyuma, kile kimya anachokisimulia babu ni cha kweli, abiria waliipenda mno ile ndege. Mi mwenyewe naiona ni moja ya ndege nzuri kuliko zote zilizowahi kuguswa na mkono wa fundi.

Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Ya kwanza ni uzito, na hili nakueleza kwa machungwa. Chukua mti mrefu, watu wawili waubebe begani kila mmoja na ncha yake, katikati ning'iniza tenga la machungwa ya Muheza. Mti unapinda pale kati. Sasa toa nusu ya machungwa, yafunge kwenye mti uleule ila karibu na bega la kila mmoja. Mzigo ni uleule, mabega yanaumia vilevile, lakini mti haupindi tena namna ile, ungeweza hata kutumia mti mwembamba zaidi. Wale wabebaji ndo hewa chini ya mabawa, tenga ni bodi lenye watu. Injini zikiwa mkiani zipo kwenye tenga, zikiwa chini ya bawa zipo karibu na bega. Bawa linatengenezwa jepesi, na ule uzito ukikaa mbele kidogo ya bawa unalizuia lisipepee kama bendera kwenye kasi kubwa. Mkia nao haubebi tena tani za chuma wala mabomba ya mafuta yanayopita chini ya miguu ya watu. VC10 ilikunywa mafuta kuliko Boeing 707 iliyokuwa na nne chini ya mabawa, mashirika yakapiga hesabu, zikatengenezwa VC10 54 tu basi.

Ya pili ilitisha zaidi. Injini zikikaa mkiani, kile kibawa kidogo cha mkia lazima kipandishwe, na mara nyingi kinakaa juu kabisa kama herufi T. Ndege ikiinua pua kupita kiasi, bawa linaacha kushika hewa, na ile hewa iliyovurugika inakwenda moja kwa moja kukifunika kile kibawa cha juu, rubani anasukuma pua ishuke haishuki, ndege inazama chini imekaa vilevile kama sinia. Oktoba 1963 BAC One-Eleven ya majaribio ilianguka hivyo Uingereza, wakafa wote saba waliokuwemo. Baada ya hapo ndege za namna hiyo zikawekewa vifaa vya kuisukuma pua mapema. Na Desemba 1991 kule Sweden MD-81 ya SAS ilipaa na barafu juu ya mabawa, barafu ikabanduka ikaingia kwenye injini zilizo nyuma yake, zote mbili zikafa, ikatua shambani ikakatika vipande na kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Injini iliyo mbele ya bawa haimezi kinachotoka kwenye bawa.

Alafu kuna sisi mafundi. Injini chini ya bawa unasimama chini, unafungua makava, mkono ushafika, na ikibidi kuibadilisha unaishusha kwa winchi unapandisha nyingine. Ya mkiani unahitaji majukwaa, ngazi, upepo unakutikisa. Wenye shirika wanaliona hilo kwenye hesabu, sisi tunaliona mgongoni.

Sasa nisikufanye uone chini ya bawa hakuna matatizo. Injini inakaa karibu na ardhi inavuta vumbi na ndege wa angani, magurudumu lazima yawe na miguu mirefu, na moja ikifa ndege inavutwa sana upande ule, ndo unaona mikia ya hizi za injini mbili ni mikubwa hivi. Ndege ndogo za kifahari mpaka leo zinaweka mkiani kwasababu bawa lao liko chini, injini isingeenea. Na mfano mchungu tunaujua Afrika Mashariki. 737 ilitengenezwa miaka ya sitini na miguu mifupi kwa injini nyembamba zile kama sigara. Upana wa feni ukafika mita 1.55, kwenye 737 MAX, lile toleo jipya, ukawa 1.76, injini haienei tena, ikabidi isogezwe mbele na juu. Ikikaa pale, ndege ikiinua pua sana yale mapipa ya injini yenyewe yanaanza kuinua na kuisukuma pua izidi kwenda juu. Wakaweka programu ya kuishusha pua yenyewe, inayosikiliza kipimo kimoja tu cha namna ndege ilivyoinua pua. Kipimo kikidanganya programu inaamini. Oktoba 2018 Lion Air watu 189, Machi 2019 Ethiopian iliyokuwa inakuja Nairobi watu 157. Ndege zote za aina hiyo zilizuiwa kuruka duniani, programu ikabadilishwa isikilize vipimo viwili na isimshinde rubani nguvu. Injini zenyewe wala hazikuwa na tatizo. Ni mahali zilipowekwa, na namna walivyojaribu kupaficha badala ya kumwambia rubani wazi. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwahiyo mwambie babu ya mkiani ilikuwa nzuri kwa abiria na ilikuwa nzuri kwa Nairobi, ila injini zilinenepa, Boeing 777 kubwa ina feni ya mita 3.25, mtu anasimama wima ndani na hafiki juu, pipa la namna hiyo huwezi kulibandika mkiani.

Bimkubwa kama anataka kile kimya cha babu achague kiti cha mbele ya bawa, kelele nyingi za injini zinaelekea nyuma. Na mtayarishe kwa hili, maana huwa linawatisha wageni. Ndege ikishapaa, dakika moja hivi au mbili, mlio wa injini unapungua ghafla na anahisi kama inataka kushuka. Haijazima. Rubani amepunguza moto kwasababu zile nguvu za ziada za kuinyanyua hazihitajiki tena. Na kabla ya hapo atasikia kishindo chini ya miguu, ni magurudumu yanaingia na mlango wake unafungwa.